Kocha wa Houston Alivyokuja Kumposa Salim

Garland, Jumamosi, Februari 2007

Baridi ya leo inakata masikio. Jua lipo, lakini la pambo tu. Nimetoka kazini ghalani saa nane, miguu inawaka moto, na moyo wangu mweupe. Tangu Alhamisi sijatulia hivi. Wacha niandike, maana wiki hii nimechekwa, nimenuniwa, na nimejifunza mambo ya mpira ambayo mamangu hakuyaota.

Kwa wasionijua: mwanangu Salim, kitindamimba, anacheza ule mpira wa Kimarekani wa kofia ngumu na kugongana. Kazi yake si kukimbia na mpira. Kazi yake ni kusimama mbele na kumsukuma mpinzani asipite. Ana kifua kama kabati. Shule anamaliza mwaka huu, na vyuo viwili vidogo vinamtaka.

Kocha wa kile cha Houston akasema Alhamisi anakuja nyumbani kuzungumza na wazazi.

Sasa mimi, watu wakija nyumbani kunitakia mtoto, najua neno moja tu. Posa. Na kwetu Mombasa posa ina adabu zake. Babake Salim ni dereva wa lori, alikuwa njiani huko California, kwa hivyo nikampigia kaka yangu Mbarak, anayekaa Richardson, aje awe msemaji. Akaja na kanzu, na koti la baridi juu yake. Nikapika mahamri na mbaazi, nikatenga haluwa na kahawa, kisha nikaingia jikoni nikaacha mlango wazi kidogo. Mama mtu hajitokezi mbele ya wageni wa posa, jamani.

Maskini yule kocha! Kila dakika anainamisha shingo kuchungulia jikoni. Baadaye ndipo nilipojua kwamba huku kocha akija nyumbani, anayemjia ni mama. Safari yote ile toka Houston ilikuwa ya kunifurahisha mimi, nami nimejibanza nyuma ya jokofu.

Mahamri alikula sita. Kisha akatoa karatasi: ada, chumba, chakula, vitabu, vyote chuo kitabeba. Salim macho yanang'aa. Kaka Mbarak akazisoma polepole, akazikunja, akasema kwa Kiingereza chake cha heshima, "Tumesikia. Jawabu mtalipata."

Kocha akacheka, akidhani ni mzaha. Kaka hakucheka.

Posa haijibiwi siku hiyo hiyo! Utaonekana mtoto amekudodea.

Basi kocha akasema nafasi ni chache na kuna wengine wanaozisubiri, akatushukuru, akaenda zake. Salim akanigeukia, Kiingereza kinamtoka kama mvua: Mama, mnajua mmefanya nini? Akaingia chumbani, chakula hakugusa. Salim, kukataa chakula! Hapo ndipo nilipoogopa.

Nakiri hapa. Niliona nimemharibia mwanangu maisha kwa adabu zangu.

Ijumaa akapiga kocha wa pili, wa chuo kilicho karibu nasi. Huyu alisema wazi kwamba ligi yao haitoi msaada wowote kwa ajili ya mpira. Nikahisi nimetukanwa. Unamtaka mtoto, na mkono mtupu? Nikampigia Mama Wanjiru, rafiki yangu wa Mansfield, ambaye ni nesi na bintiye yuko chuo.

"Wewe Mama Salim, punguza moto," akaniambia. "Ligi hazifanani. Ile ya Houston inalipia mchezaji. Hii ya karibu hailipii mchezaji, lakini chuo chenyewe kinamsaidia mwanafunzi, kwa alama zake na hali ya kwenu. Mpira hauingii hapo."

"Kwa hivyo akivunjika mguu?"

"Hapa karibu ataendelea kusoma na magongo yake. Kule Houston, muulize kocha. Mimi yangu ni kufunga bandeji."

Nikamuuliza. Leo, saa ya mapumziko, nimesimama katikati ya maboksi, nikampigia mwenyewe kwa Kiingereza changu cha ghalani. Akafurahi kama aliyepata mtu wake aliyepotea. Nafasi ya Salim bado ipo, akasema, lakini jawabu analitaka leo. Nikauliza habari ya mguu.



Hakunidanganya. Karatasi yao ni ya mwaka mmoja, inaandikwa upya kila mwaka, na kocha ndiye anayeamua. Yeye hajawahi kumwacha kijana aliyeumia, lakini ahadi hiyo hawezi kuiandika.

Nilimpenda kwa kusema kweli. Karatasi yake sikuipenda.

Nikarudi nyumbani nimekwisha kukata shauri: chuo cha karibu, basi. Nikamkuta Kaka Mbarak anakunywa chai. Nikamweleza. Akasema, "Dada, hata posa, mwisho huulizwa mwenyewe." Akamwita Salim.

Nikamwambia yote, mguu, mwaka, magongo. Nilingoja mvua ya Kiingereza. Akajibu kwa Kiswahili, taratibu, kile anachokitumia akiwa na haja nami.

"Mama, wewe ulikuja Amerika na karatasi ya muda gani?"

Ya mwaka mmoja.

Miezi kumi na mbili, sanduku moja, na yeye mwenyewe mgongoni. Nikawa naomba kibali upya kila kikiisha, kila mara roho mkononi. Huu ni mwaka wa kumi na tano.

Kaka alicheka mpaka akamwaga chai. "Umepatikana, Dada! Huyu si wa kusukuma watu, huyu ni wakili!"

Nikampigia kocha nikamwambia ndiyo. Yule wa karibu naye nikampigia kumshukuru, akasema Salim akitaka kusoma kwao siku yoyote aombe tu. Salim amekula sahani tatu, sasa yuko sebuleni anaongea na babake kwa simu, nyumba nzima inasikia.

Jumatano tunatia saini, yeye na mimi mzazi wake. Mguu wake bado unanitia hofu, siwezi kusema uongo. Lakini nitaogopa mwaka mmoja mmoja, kama nilivyozoea.