Kibao cha Jina Lako kwenye Nyumba Isiyo na Jikoni

Baba yangu,

Pokea salamu kutoka Nakuru, kwenye vumbi jeupe na upepo usiojua kupumzika. Mwili wangu ni mzima. Moyo ndio umechafuka, na nitakueleza ni kwa nini. Goti la Mama linasemaje na mvua za huko Kimilili? Na yule ng'ombe mwekundu, alizaa salama au bado mnamkeshea?

Najua utashangaa kupata barua siku hizi. Lakini wewe ukipigiwa simu unaiweka sauti ya juu, na nusu ya soko inasikia mambo yetu. Haya sitaki yafike sokoni kabla hayajafika kwako. Nimempa Wanjala, yule jirani yenu anayeendesha lori la ngano, akukabidhi mkononi pamoja na mzigo mdogo. Tafadhali usiufungue mzigo kabla hujamaliza kusoma.

Uliniuliza kama utume ile pesa yako ya kustaafu mwisho wa mwezi, mnunue nyumba kwenye mradi wetu wa upande wa Njoro ili Mama awe karibu na hospitali. Jibu langu ni hapana. Usitume hata shilingi moja. Na kwa kuwa nakujua, ukikatazwa bila sababu unafanya makusudi, wacha nikupe sababu yote.

Unajua mimi ndiye ninayesimamia fedha za hii kampuni ya nyumba. Tulipoanza kujenga tulikopa benki, na riba ya mkopo wetu haikuwa imesimama mahali pamoja. Riba za nchi zikipanda, yetu inapanda, zikishuka, inashuka. Mtu aliyekopa kununua pikipiki anaumia kidogo tu. Kampuni yenye nyumba mia ambazo hazijaisha wala kuuzwa, riba ikipanda kidogo, mshahara wa mafundi umeliwa. Kazi yangu ni kuzuia hilo. Benki ilikubali kutufungia riba ya nusu ya mkopo kwa miaka mitatu, juu kidogo ya ile tuliyokuwa tukilipa. Nusu nyingine tungeiacha ipande na kushuka, na pembeni tuweke akiba ya kututoa kwenye miezi mibaya. Hiyo nyongeza ndogo ilikuwa bei ya kulala usingizi. Niliyaandika yote kwa ukurasa mmoja, nikaambatanisha na barua ya benki.

Mkurugenzi wetu alikataa kunisikiliza ofisini. Huyu ni mtu aliyepata utajiri wake kwa kununua viazi Olenguruone na kuvipeleka mjini, na mikutano yake ya pesa huifanyia Gilgil, kwenye nyama choma kando ya barabara kuu.

"Nekesa, wewe ni wa vitabu," akaniambia, mdomo umejaa. "Hii riba ni kama viazi, ni waru tu. Waru ikipanda bei, unatulia. Watu wakivuna, inashuka yenyewe. Mimi sijawahi kulipa mtu anifungie bei ya waru."

"Boss, riba hailimwi," nikamwambia. "Haina mavuno."

"Msimu iko. Wewe ngoja tu, utaniambia."

Kisha akaichukua ile barua ya benki, yenyewe, akajifutia mafuta ya mbuzi mikononi, akaikunja, akaitupa kwenye sahani ya mifupa. Baba, niliitazama ile karatasi ikilowa mafuta. Tangu siku hiyo nikimwona akila, natafuta sababu ya kutoka nje.

Riba ikapanda. Ikapanda tena. Kila nilipomwendea, alipiga simu Olenguruone kuuliza gunia la waru limefika ngapi, kana kwamba wakubwa wa benki kuu wanalima huko. Mimi nikisimama pale na makaratasi yangu, yeye anacheka na madalali kwa simu. Nilichoka kuwa mtu wa kuchekwa.

Halafu akaogopa. Na aliogopa vile wachuuzi wa viazi huogopa: wanaushikilia mzigo ghalani hadi uanze kuchipua, kisha wanautupa wote sokoni kwa siku moja. Alienda benki bila kuniambia. Akafunga riba ya mkopo mzima, si nusu, kwa miaka mitano, wakati riba iko juu kabisa. Akarudi akipiga meza kwa furaha. "Nimefunga yote! Sasa haiwezi panda." Ni kweli haikupanda. Ilianza kushuka. Wenzetu wote wenye mikopo wakapumua, sisi tukabaki tumening'inia juu peke yetu. Kujitoa tunaweza, lakini benki inataka faini ambayo hatuna.

Hadi hapo ningesema ni ujinga, na ujinga mtu anasamehewa. Kinyaa kinaanzia hapa. Nyumba zimesimama kwenye lenta, juu ya madirisha tu, bila paa, mafundi wamebaki wachache, na pesa ambazo walimu na wauguzi wametanguliza ili waezekewe nyumba zao, yeye anazipeleka benki kulipa riba. Nilimwambia hiyo ni pesa ya mabati ya watu. Akanijibu, "Pesa ni pesa. Lete wengine watajaza." Alikuwa amesikia ofisini kwamba unatafuta nyumba. Akaniambia, akitabasamu, "Mwambie mzee aharakishe. Nitampa ya kona." Nikatoka kwenda kunawa uso.

Jumamosi iliyopita kulikuwa na siku ya wanunuzi kutembelea mradi. Mahema, soda, muziki. Nyumba ya kona ilikuwa imepakwa rangi ukuta wa mbele peke yake. Na kwenye geti, Baba, kulikuwa na kibao cheusi cha chuma chenye herufi nyeupe: MZEE SIMIYU. Chini yake, KARIBU NYUMBANI. Jina lako. Nilifikiri macho yananidanganya.

Mkurugenzi akanivuta mbele ya watu, mkono begani. "Huyu ndiye anachunga pesa yetu yote. Na babake amenunua hii hapa. Sasa niambieni, mtu anaweza danganya babake?"

Watu wakapiga makofi. Mama mmoja, muuguzi mstaafu wa Njoro, akaja akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Kama mzee wako yuko, hata mimi niko," akasema. Tayari alikuwa ameshatoa simu atume malipo ya kwanza.

Nikakukumbuka wewe. Tulipohamia nyumba mnayoishi sasa, ulikataa katakata tuiite yako mpaka Mama awashe moto jikoni. Tulilala njaa siku hiyo kwa sababu kuni zilikuwa mbichi, na bado hukukubali. Nikamwambia yule muuguzi, "Mama, kabla hujatuma, njoo nikuonyeshe jikoni." Tukazunguka nyuma, na wengine wakatufuata. Hakukuwa na jikoni. Kulikuwa na rundo la kokoto, nyasi za kufika magotini, na anga. Yule mama alitazama, akairudisha simu kwenye mkoba, akafunga zipu.

Nikaazima bisibisi kwa fundi, nikarudi kwenye geti, nikaanza kufungua kibao mbele ya kila mtu. Skrubu zilifunguka zote.

"Nekesa! Unafanya nini?"

"Ninamtoa baba yangu kwa mkopo wako."

Hakuna aliyetuma pesa siku hiyo. Waliolipa zamani walimzunguka wakitaka zao, na nimewapa maelezo yote ya wapi zilienda, ili wampelekee wakili. Mimi nilifutwa kazi kwa ujumbe wa simu kabla sijafika nyumbani. Usiwe na wasiwasi, nitapata nyingine. Naogopa kidogo, sikufichi, lakini kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya Gilgil chakula kinapita kooni.

Pesa yako iache pale ilipo. Mama akija kwa matibabu atakaa kwangu. Vyumba ni viwili, na mapazia aliyoyapima kwa ajili ya nyumba ya Njoro ayalete, madirisha yangu yako wazi. Mwambie asilie kwa sababu ya nyumba. Haikuwahi kuwepo.

Nisalimie Mama kwanza, kisha shangazi Nafula na kikohozi chake. Ndugu yangu Barasa mwambie viatu nilivyomwahidi vitachelewa, na asinune. Msalimie pia mzee wa kanisa mnayechota naye maji kisima kimoja, yule aliyetaka kununua nyumba ya pili kwa sababu wewe unanunua. Huyo umwendee leo, usingoje kesho.

Sasa fungua mzigo. Ni kibao chako. Ile rangi ya KARIBU NYUMBANI ilikuwa bado mbichi, imetoka kidogo kwenye vidole vyangu. Kipigilie kwenye geti la huko, ambako moto umewaka tangu zile kuni mbichi zilipokauka.

Ni mimi binti yako, ambaye hakukuuza,

Nekesa