Mngurumo Katika Mita Thelathini na Moja

Jumanne, 3 Juni 2025

Juba, mtaa wa Hai Cinema. Leo miaka arobaini na sita tangu nivuke mpaka wa Kaya kwa miguu, nikikimbia vita Uganda, na redio moja na suruali mbili. Kwa njia ya ndege Arua, kwetu, iko kilomita kama mia mbili na ishirini kutoka kiti hiki.

Saa kumi na mbili na nusu jioni, redioni: Waromania kwa Kifaransa, safi kabisa. Kisha Wakorea, mwanamke anaimba, sauti inakuja na kuondoka kama mtu anayefungua na kufunga mlango. Nimewapa maksi, kati ya tano: 4 kwa nguvu, 4 kwa kutoingiliwa, 3 kwa kufifia. Arua, hakuna. FM yao haifiki huku. Na masafa mafupi huruka: wimbi hupanda angani, hugonga, hushuka mbali sana. Aliye karibu hupitwa juu ya kichwa. Nilimweleza hivyo Teresina, mke wangu. Akasema basi ningehamia Korea, nikasikie kwetu vizuri.

Alhamisi, 5 Juni

Robert amepiga. Ndugu yangu wa mwisho — nilimwacha na miaka minane, sasa ana wajukuu. Amemaliza nyumba kwenye kiwanja cha baba, Arua. Chumba kimoja ni changu, cha kuishi, si cha kutembelea. “Kaka, na mlingoti nimesimamisha. Mkaratusi, mita tisa, kwa ajili ya waya wako.” Mita tisa! Hapa nimefunga waya kwenye mwarobaini, na Teresina anaanikia soksi. Ndege mpaka Entebbe atalipa yeye, ila anataka jibu mwezi huu. Nimesema nitafikiri. Nafikiri tangu 1979.

Kwa mkono wa dereva wa lori ameniletea pia simu mpya, tuonane uso kila jioni. Isaac, mwana wa Teresina, anayepakia mizigo uwanja wa ndege, ameunga chaja moja kwa moja kwenye betri ya sola chini ya kitanda. Fundi mzuri. Mchafu, lakini mzuri.

Jumapili, 8 Juni

Kelele! Mngurumo, kama nyuki ndani ya debe, masafa ya mita thelathini na moja yote. Wakorea wamezama. Waromania, neno moja moja. Kuingiliwa: 1. Hakuna namba ya chini zaidi.

Jumatatu, 9 Juni

Kanuni ya kwanza ya msikilizaji: zima vya kwako kabla ya kumtazama jirani. Nikashusha swichi kubwa. Taa, feni, vyote. Mngurumo upo. Basi ni wa jirani. Nikazunguka uani na redio kifuani kama mtu anayebembeleza mtoto. Kwenye ukuta wa Namutebi ulipanda kidogo — au nilitaka upande.

Namutebi ni Muganda, ana duka la vinywaji baridi na samaki, na wiki iliyopita amefunga inveta mpya ya friza. Miaka mitatu sasa kila jioni hunipitishia chupa ya maji ya baridi juu ya ukuta. Hajawahi kutaka shukrani. Nikamweleza. Akacheka mpaka wateja wakageuka. “Mzee, yaani friza yangu inaimba ndani ya redio yako? Haya, nitazima nusu saa, kila siku. Samaki hawafi mara mbili.”

Jumatano, 11 Juni

Amezima. Nilisikia swichi yake. Mngurumo ule ule! Nikamwambia Teresina: huyu anatudanganya, amezima taa tu. Nilikuwa nimevaa visikizi vya masikioni, na mwenye visikizi hajui anapiga kelele. Nikavivua. Kisha sauti ya Namutebi ng'ambo ya ukuta, taratibu: “Mzee, mimi naongopa? Kuja uone. Friza inalia maji.”

Sikwenda kuona.

Jumamosi, 14 Juni

Siku ya tatu chupa haijapita ukutani. Mngurumo. Sina redio, sina jirani — nakaa hapa kwa ajili gani? Nikampigia Robert: nakuja. Alilia, mtu mzima yule. Tiketi ni ya Jumamosi, tarehe 28.

Teresina nilimwambia baada ya Robert. Kosa. Aliendelea kuchambua mchele. “Kwenu? Mimi nilikaa kambini Adjumani, huko huko Uganda, miaka kumi na mbili, napanga foleni ya unga. Wewe unaita kwenu. Mimi naita ukimbizi. Nilitoka huko, kalas, imekwisha. Enda. Unisalimie hiyo nchi.”

Nilimwoa 2007, mwaka aliorudi. Sote wawili tulikuwa wajane. Sijawahi kumuuliza anaionaje Uganda.

Jumatano, 18 Juni

Nimepanga kwenye boksi kadi nilizotumiwa na vituo vya redio. Mia mbili na kumi na nne. Mngurumo. Teresina ananiwekea chakula mezani bila kuniita.

Alhamisi, 19 Juni

Niandike taratibu, kwa mpangilio.

Saa tisa Teresina alikwenda mkutano wa akina mama kanisani, akachukua ile simu na chaja yake. Saa kumi na mbili na nusu nikafungua redio, mazoea tu. Kimya! Ule ukimya mzuri wenye mchanga unaomwagika ndani yake. Na katikati ya mchanga, Wakorea. Tano! Tano kwa kila kitu!

Nilifurahi kama dakika nne. Kisha nikainama chini ya kitanda. Waya mtupu kwenye betri.

Teresina aliporudi nikachomeka chaja. Nyuki. Nikachomoa. Wakorea. Mara tatu. Waya wa Isaac haupiti kwenye swichi kubwa. Miaka hamsini nasikiliza, nimevunja kanuni ya kwanza — kwa sababu simu sikuihesabu kuwa mashine. Niliihesabu kuwa Robert.

Nikasema, angalau Namutebi aliacha kuzima siku ile nilipomtukana. Teresina akanitazama. “Kwani hujui? Anazima kila siku, mpaka leo. Amesema mzee amezeeka, tumwache tu na friza yake ya kichwani.”

Jumapili, 22 Juni

Siku mbili nimetafuta maneno. Hayakuwepo. Baada ya ibada nikachukua sukari kilo mbili, nikapitia mlango wa mbele wa duka, si ukutani. Duka limejaa. Nikasema: Namutebi, hukuongopa. Ni chaja yangu.

“Rudia, mzee. Yule wa nyuma hajasikia.”

Nikarudia. Wa nyuma akasema amesikia nusu. Nikarudia mara ya tatu, nimeshika sukari kama mtoto wa shule. “Watu wangu,” akawaambia, “samaki yangu imekufa mara ya pili kwa sababu ya chaja ya simu!” Wakapiga makofi. Akatoka nyuma ya kaunta, akapiga goti kidogo kama wanavyosalimu kwao, akapokea sukari. Mimi ndiye niliyepaswa kupiga goti.

Jioni saa kumi na mbili na nusu akaja na kigoda chake. Nikamwambia inveta haina kosa, aiwashe. Akakataa: nusu saa hii ndiyo saa pekee anayokaa chini tangu alfajiri, asinyang'anywe. Akakaa karibu na Teresina. Wakasikiliza.

“Wanasema nini?”

Sijui, nikasema. Kikorea.

“Hujui! Miaka yote hii?”

“Hajui,” Teresina akasema, “lakini anawapa maksi.” Wakacheka wote wawili, wameshikana mabega. Sikuwa nimesikia kicheko cha Teresina tangu ile Jumamosi. Sikuandika namba zozote.

Alhamisi, 26 Juni

Isaac ameleta tiketi, imechapwa. Mzigo kilo ishirini na tatu. Robert ametuma video: mlingoti umesimama, waya tayari umevutwa, wajukuu chini yake wanapunga mikono. Nimeitazama mara nne. Natakiwa kumwambia kwamba nasita. Nimemwambia waya umevutwa vizuri.

Ijumaa, 27 Juni

Alasiri Teresina amewasha pasi ya makaa, akapiga pasi mashati yangu yote. Nikamuuliza, ya nini? “Ukienda, uende kama mtu mwenye mke.” Hakuinua macho. Akarudi kwenye kola, polepole.

Robert alipiga saa kumi. Hakungoja kesho — yuko ndani ya basi, wameshapita daraja la Pakwach kwenye Mto Nile, anakwenda kunipokea Entebbe mwenyewe. Yuko na mjukuu wake mkubwa, amevalia nguo za kanisani. Mtoto akasema salamu aliyofundishwa, kwa Kilugbara, lugha yetu, yote. Nikasema Robert, sikiliza. Mtandao ukakatika.

Sasa simu inaita tena. Jina lake kwenye kioo. Teresina ameiweka pasi pembeni, ananitazama. Naandika hili kwanza ili nisije nikasema jingine.

Sitarudi Arua.