Kanyagio la Kulia

Nyumbani kwa Mzee Kelestini,
Kivukoni, Ifakara.
Jumatano, 9 Julai 2025.

Mpendwa mke wangu Bibi Emerensiana,

Shikamoo. Kaa vizuri kwanza, maana barua hii inatoka kwa rubani mkali kuliko wote waliowahi kuzaliwa kati ya Kiberege na Mahenge. Siku hizi korongo wa mtoni wakiniona wananipisha. Hata mwewe kaacha kuiba vifaranga vya Mzee Kelestini, anaona aibu mbele ya mwenzake.

Goti je? Shangazi Scolastica anakuchua, au bado unamficha kwamba linauma? Nakujua wewe. Baridi ya Sumbawanga nasikia inaingia mpaka kwenye meno, bahati yako huna mengi. Simu husikii, ndiyo maana naandika, na huyo Balbina anayekusomea nitamletea zawadi asipoongeza maneno yake.

Huku wazima. Mpunga wa Mofu umetoka vizuri. Mama amekutengea wako kando, mimi nimeuonja kidogo tu, sufuria mbili.

Sasa urubani. Najua uliposikia ulisema Valentino muongo, aliyeishia kidato cha pili nani atampa ndege? Kapteni Wendelin kanipa. Ana shule yake ndogo na ndege moja ya viti viwili, na fundi wake ni mjukuu wako Dionisi. Dionisi ndiye aliyenibembelezea nafasi. Kapteni akasema, "Mtihani wa kidato cha pili atarudia mwakani. Kwanza tuone miguu yake." Kwa hiyo kuruka bado. Mimi naiendesha chini, kwenye nyasi, kwenda na kurudi.

Usicheke. Chini ndiko kwenye kazi. Ndege ikiwa ardhini ni jitu lenye mabawa mapana juu ya vitairi vitatu, upepo ukiipiga mkia inataka kugeuka yenyewe. Na ule usukani haugeuzi tairi, inageuzwa kwa miguu: kanyagio la kushoto inakwenda kushoto, la kulia kulia. Kapteni kila siku ananipigia kelele: "Mwendo wa mtu anayetembea! Ukizidi hapo siyo wewe unayeiendesha, ni yenyewe."

Ijumaa iliyopita, saa nne asubuhi, Dionisi alikuwa amesimama mwisho wa kiwanja ameshika kabari za kuzuia tairi. Kabla hatujaondoka alipiga kelele, "We bwana mdogo, usije ukanikanyaga!" Nikamjibu, "Sogea, wenye ndege tunapita!"

Kule mwisho kiwanja kinateremka kuelekea mfereji. Tulipofika hapo upepo ukaja kwa nyuma, upande wa kushoto, nyasi zote zikalala. Nikahisi mwendo umezidi. Kapteni akasema, "Punguza." Nikapunguza moto. Haikupungua. Pua ikaanza kuvutwa kushoto.

"Kulia," akasema, taratibu tu.

Pua ikazidi kwenda kushoto.

"Kulia! Mguu wa kulia, Valentino!"

Bibi, nilimwona Dionisi kwenye kioo cha mbele. Pangaboi la puani mwa ndege lilikuwa katikati yetu, likizunguka mpaka halionekani, nikawa namwona yeye tu. Akatupa kabari. Akakimbia hatua mbili, akateleza. Kapteni akazima injini, akaipiga teke miguu yangu yote miwili ikatoka kwenye makanyagio. Dionisi akalala kifudifudi, bawa likapita juu ya mgongo wake, tairi la mbele likazama mferejini. Nimepima mwenyewe kutoka pangaboi lilipopita mpaka pale kilipokuwa kichwa chake. Hatua mbili, na hizo ni za kwangu mimi mfupi.

Hakuna aliyeniuliza kitu. Nikasema, "Kanyagio limekwama."

Kapteni akanitazama mimi, halafu akamtazama Dionisi, ambaye bado alikuwa anatema nyasi. Makanyagio yale aliyafunga yeye asubuhi hiyohiyo.

Tangu siku hiyo ameyafungua yote, waya kwa waya, hajaona kitu. Kapteni anasema kinachokwama bila sababu ni kibaya kuliko kilichovunjika, na fundi asiyeiona sababu hamfai. Amempa mpaka keshokutwa Ijumaa. Asipomwonyesha kilichokwama, arudishe spana aondoke. Na mkewe Eveline ana wale mapacha, hata kukaa hawajaanza.

Jana mchana nilikwenda kumshikia tochi. Amelala chali chini ya viti, grisi mpaka kwenye nyusi. Akaniuliza, "Mdogo wangu, lilikwama ukiwa umelikanyaga mpaka mwisho, au nusu?"

Nikamwambia nusu.

Nisalimie Shangazi Scolastica na mjomba Hermenegildi, mwambie ile baiskeli yake sijaiuza bado. Mama anakusalimu, Mzee Kelestini anakusalimu, Eveline pia na mapacha wake. Dionisi nilimwambia nakuandikia. Akasema, "Mwambie Bibi aniombee nione hitilafu."

Usiombe, Bibi. Hakuna hitilafu. Unaijua pawatila ya baba, ile trekta ndogo ya kuongoza kwa mikono: kwenye tambarare ukibana klachi ya mkono wa kushoto inakata kushoto, lakini ikishika mteremko mambo yanageuka, ukitaka kulia unabana kushoto. Hiyo nimeiendesha tangu nina miaka kumi na miwili. Pale kwenye mteremko, upepo unatusukuma, Kapteni aliposema kulia mimi nikakanyaga kushoto, na kila alivyopaza sauti nikazidi kukandamiza. Kanyagio la kulia sikuligusa kabisa.

Hajui Kapteni, hajui Dionisi. Barua hii ikikufikia, Ijumaa itakuwa imepita, nitakuwa nimesema au nimenyamaza. Hapa ninapoandika sijui ni lipi.

Mungu akulinde wewe na goti lako, na asinichoke mimi.

Ni mimi mumeo, mjukuu akupendaye,
Valentino