Saruji Yangu Ukutani kwa Zaina

Jumatatu, 4 Novemba
Vitumbua vimeisha kabla ya saa tatu. Nimebaki sokoni na ndoo tupu naongea mpaka saa tano. Ndivyo nilivyo.

Habari ya leo ilikuwa nyumba ya mdogo wangu Zaina kule Ntalikwa. Tofali za udongo, hazijachomwa hata moja, eti kuchoma kunamaliza miti. Kuta nene upana wa kitanda. Madirisha marefu kaskazini na kusini tu, mwanga uingie, jua libaki nje. Yeye mshonaji, macho yameanza kumsumbua, na umeme ndio huu wa kukatika. Anataka aone tundu la sindano bila taa. Kajengewa na mzee Maganga, fundi wa udongo.

Nimewaambia wenzangu, mdogo wangu kahama kutoka Isevya mjini kaenda kukaa kwenye kichuguu. Mama wa dagaa kacheka mpaka kamwaga kopo. Siku nzuri.

Alhamisi, 7 Novemba
Nimekwenda kwa Zaina. Nje jua la kubabua. Ndani baridi kama tumbo la mtungi. Anashona kitambaa cheusi kwa uzi mweusi, taa hamna, na anaona. Sikumsifia.

Nikamtania, haya mama kichuguu. Hakucheka. Kasema mteja kamuuliza hivyo hivyo, bado unashonea kichuguuni? Kisha nguo za harusi nzima kazipeleka kwa fundi mwingine. "Dada, hilo neno limetoka wapi?"

Nikasema watu bwana, hawakosi la kusema. Nimemdanganya. Njia nzima kwenye bodaboda nasikia vibaya.

Jumamosi, 9 Novemba
Zaina kaenda Nzega, kafiwa na mama mkwe wake. Ufunguo kaniachia mimi, niwape kuku maji.

Nikapata akili. Tulipojenga choo ilibaki mifuko miwili ya saruji. Nikimpigia plasta ukuta wa mbele, nani atasema kichuguu tena? Nimemchukua fundi wa jirani. Maganga sikumuuliza, angekataa. Kufika jioni ukuta laini, kama nyumba ya bwana afisa. Nimepiga picha, nimewatumia wanawake wote wa kikundi chetu cha sokoni. Zaina atalia kwa furaha.

Jumanne, 12 Novemba
Mvua ya kwanza. Ya upepo, inapiga kwa ubavu. Asubuhi nimekuta ufa kwenye saruji, toka dirishani mpaka chini. Nikagonga kwa kidole. Inalia debe tupu.
Sijamwambia mtu. Mimi, msemaji wa soko zima.

Jumatano, 13 Novemba
Imenyesha tena. Kipande kama mlango kimeanguka, kimeondoka na udongo wake. Kona ya dirisha imelainika, ukibonyeza kidole kinazama. Hapo ndipo cherehani inapokaa. Nimeivuta peke yangu mpaka chumba cha ndani, mgongo unaniuma.

Maganga kaja. Nikamwamkia shikamoo, kaitika marahaba macho yapo ukutani.
"Nani kauziba huu?"
Kasema udongo unalowa, unakauka, ndiyo maisha yake. Saruji imeingiza maji kwa ufa kisha ikayafungia humo humo. Ukuta ungeachwa na lile paa lake lililotokeza, ungelowa kidogo na kukauka kwa jua la mchana.
Nikasema, mimi. Basi. Tumeegemeza dirisha kwa magogo. Kasema ikinyesha mara mbili zaidi hana hakika kama ukuta utasimama.

Ijumaa, 15 Novemba
Haijanyesha, alhamdulillahi. Zaina karudi. Hakunifokea, na bora angenifokea. Kashika ile kona kwa kiganja muda mrefu.
"Dada, kumbe ulikuwa unaionea aibu nyumba yangu."
Nilitaka kusema nilifanya kwa ajili yako. Badala yake nikamwambia yote, na kichuguu nacho, kwamba kilitoka kinywani kwangu. Kanyoosha mkono, kachukua ufunguo wake.
Nimeuchukia mdomo wangu.

Jumapili, 17 Novemba
Sokoni nimejitangaza. Neno langu, saruji yangu, ukuta wa mdogo wangu. Mama wa dagaa kasema, "Leo umejisengenya mwenyewe shoga, sisi tupumzike." Wamecheka, na mimi nikacheka. Nikawaomba waje kukandika. Bibi zetu walikandika nyumba pamoja, wanaume wakiezeka. Hakuna aliyeitikia pale pale.

Jumapili, 24 Novemba
Wamekuja watano. Na mama wa dagaa yumo.

Maganga alishabandua saruji yote, kona kaijenga upya, na jua la wiki limeikausha. Tumekanyaga udongo na mchanga, mavi ya ng'ombe na nyasi za kukatakata. Udongo wenyewe Maganga kaagiza wa kichuguu, ndio unaoshika. Wote wakanitazama. Nikainamia ndoo.

Zaina kanionyesha kona ya dirisha, niikandike mimi. Kaingia ndani, na baada ya muda nikasikia cherehani inakwenda. Mchana ulikuwa wa mawingu. Taa hakuwasha.

Nimepaka polepole kwa kiganja, nikilainisha kwa maji. Sikuongea mpaka ikaisha.

Ufunguo bado anao mwenyewe.