Mikono ya Kidirishani

Nyumbani kwangu,
Jumatatu, 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

"Mafungo ya kiroho ni kiwanda cha machozi. Watu wananyimwa usingizi, wanaimbishwa mpaka wachoke, kisha wanaambiwa uchovu huo ni Roho." Ndivyo ulivyoniandikia uliposikia ninakwenda. Nitakujibu, lakini adabu kwanza: hujambo? Mgongo umekuachia? Wifi na mapacha wazima? Mimi mzima, ila goti la kushoto limejitangazia uhuru.

Haya. Nililala usingizi mzito kuliko ninaoupata nyumbani. Mlango haukufungwa; niliujaribu mara mbili. Machozi niliyaona, ndiyo. Mwalimu mstaafu alilia kwa sababu hakuwahi kumwambia mtu kwamba aliwahi kumvunja mwanafunzi mkono kwa fimbo. Nioneshe kiwanda kinachotengeneza machozi ya namna hiyo.

Unajua nimewaandika vibaya watu hawa wa mafungo gazetini mara ngapi. Aliyenikamata ni mshonaji wangu. Alikuwa ananipima kiuno, pini mdomoni, akasema, "Dada, umetuandika sana. Umetuona lini?" Basi nikaenda, na daftari mkobani.

Kuna desturi yao moja iliyonikosesha utulivu. Wanaopika na kuosha vyombo ni watu waliokwisha kupitia mafungo hayo hayo, na hurudi kutumika kwa kujificha. Chakula hupita kwenye kidirisha. Unaona mikono tu. Ni mwiko kujionesha kabla ya Jumapili mchana, ili wasishukuriwe. Watu wasiotaka kushukuriwa! Nilitaka kuwajua.

Jumamosi asubuhi wenzangu walipewa chai ya maziwa. Yangu ilikuja ya rangi, tangawizi tele, bila sukari, imefunikwa kwa kisahani. Sikuwa nimemwagiza mtu, na kisahani juu ya kikombe ni mambo ya nyumbani kwetu. Nikausukuma mlango wa jiko.

Alikuwa Kaka. Ndiyo, Jaji wetu, ambaye hukumu zake hazikuwa na rufaa, amevaa aproni, mikono imezama kwenye povu mpaka viwiko. Yeye ambaye hakuwahi kuosha kijiko!

"Umevunja mwiko," akasema.

"Na wewe umevunja sahani ngapi?"

"Tatu. Nne, na hii uliyonishtua nayo."

Tukacheka. Miaka mitano tangu amzike Baba bila kukusubiri, wewe ukiwa tayari ndani ya ndege, nasi wawili tukamsusa. Safari hii sikumhutubia. Nilimuuliza tu: kwa nini?

Alisugua sufuria moja muda mrefu. Kisha akakiri kwamba alitudanganya. Chumba cha maiti hakikuwa kimeharibika, kama alivyotuambia alipoharakisha mazishi. Siku ya mwisho Baba alikuwa anakuita wewe, si yeye aliyemuuguza miaka miwili. "Nilimwonea wivu mdogo wangu," akasema, "kwenye kaburi la baba yangu." Nilimuuliza kama naweza kukuandikia haya. Akasema niandike, maana simu zake hupokei.

Simtetei. Nilimwambia ule ulikuwa ukatili, na nitarudia nikimwona. Wala sijaokoka, usianze kucheka. Daftari lina maswali ishirini na moja, na mchungaji wao amejibu manne. Lakini nadharia yako haina pa kuiweka sufuria ile. Nani alimwimbisha Kaka mpaka akachoka? Alikuwa anaosha vyombo. Ni kitu gani kinamfikisha mtu kama yule kwenye neno kama lile? Sijui, na kutokujua kunaniwasha. Nawe ndiye uliyewahi kuifungua redio ya Baba kwa bisibisi ili umtafute anayesema humo ndani. Usiniambie siku hizi unatosheka na majibu ya mezani.

Shangazi anakusalimu, na mjomba fundi saa naye pia. Mapacha waambie nadai barua yenye mwandiko unaosomeka. Mungu, ambaye bado nabishana naye, awatunze nyote.

Sasa nasema na wewe na wifi pamoja. Jumapili, saa kumi alasiri ya huko kwenu, Kaka atapiga simu. Mdogo wangu, usimsamehe kama huwezi. Mgombeze mpaka sauti ikukauke, amestahili. Lakini pokea. Na wewe wifi, akiiacha ilie, ipokee wewe, umwekee sikioni.

Nikupendaye hata ninapokugomba,
Dada yako