Dakika Sita za Mzee Skaggs

Jumatatu, 8 Januari 2018
Meneja mpya kaja. Bwana Kessler — mpole, katuletea donati. Kasema habadilishi kitu, kaja kujifunza tu. Wilma wa meza ya pili akaninong'oneza, "Hawa wapole ndio wa kuogopa, shoga." Nikamcheka. Miaka ishirini na mbili katika ofisi hii ya jimbo ya kuwalipia matibabu wachimba makaa, mameneja saba wamepita. Wachimbaji wamebaki na mapafu yao mabovu, nasi tumebaki na simu zao.

Alhamisi, 15 Machi
Kompyuta zimewekewa saa. Kila simu inapimwa. Eti kwa taarifa tu, jamani.

Jumanne, 17 Aprili
Si taarifa tena. Dakika sita, kisha saa inakuwa nyekundu. Na wazee wasiorudisha fomu hatuwapigii tena kila Alhamisi kama zamani — watupigie wao! Hakuna aliyepinga. Hata mimi. Nilikuwa natafuna donati.

Jumanne, 5 Juni
Mzee Skaggs kapiga. Vumbi la makaa limemmaliza: neno moja, pumzi tatu. Zamani nilikuwa namsubiri huku nafuma soksi. Sheria mpya, lazima ataje namba yote ya faili mwenyewe, simu inarekodiwa; asipomaliza, faili linafungwa. Saa ikawa nyekundu hajafika katikati. Kessler akanitazama. Nikasema, "Mzee, piga tena kesho." Nikakata. Nikafunga faili. Mimi, Loretta!

Jumatano, 6 Juni
Hakupiga. Nimelia chooni.

Alhamisi, 7 Juni
Wilma kanikumbusha: faili likifungwa, kampuni inakwenda kuchukua mtungi wa oksijeni anaopumulia mzee. Nimempigia mzee mara nne, kinyume cha amri. Kimya. Najichukia.

Ijumaa, 8 Juni
Saa nne na robo asubuhi. Kapokea! "Nilidhani... umenichoka... binti." Naandika huku namsubiri avute pumzi. Watu wa mtungi wako mlangoni kwake. Kawaomba wangoje. Namba ina tarakimu tisa, kataja nne; akizimaliza, faili linafunguka tena na mtungi unabaki. Ninazijua zote kwa moyo, na siruhusiwi kumsaidia hata moja.

Tano.

Dakika ya saba — nyekundu. Kessler kainuka, anakuja huku anatabasamu. "Loretta, si tulikubaliana?" Kanyoosha mkono, anataka simu. Nimemgeuzia mgongo. Nasikia sauti ya mwanamume huko kwa mzee, anauliza mtungi uko wapi.

Ya sita, mzee. Polepole. Nipo.