Mraba Ni wa Sekunde

Kituntu, Alhamisi

Na bado alicheka! Mkuu wa taaluma aliingia darasani kwangu, akafuta hesabu yangu ubaoni mbele ya wanafunzi. "Binti, ni sekunde mraba, kwa hiyo ukigeuza futi kuwa mita, unazidisha kwa 0.3048, halafu unazidisha kwa 0.3048 tena."

Eti mchapuko wa kitu kinachoanguka, yaani kasi yake inavyoongezeka, wa futi 32 kwa sekunde mraba unakuwa mita tatu, badala ya karibu kumi! Mraba ni wa sekunde, si wa futi. Kwa hesabu yake, mkungu wa bitoke, ndizi zetu za kupika, ukikatika ungefika chini nimeshamaliza kahawa.

Watoto wakanakili. Hilo linaniuma. Kesho nitawasahihishia kimyakimya.

Yeye, hapana, simsahihishi. Jumatatu anafundisha somo la mfano mbele ya walimu wa Kyerwa. Nitamwamkia shikamoo, nitakaa mbele, nimwombe arudie hesabu ileile.

Chaki nimeshamnunulia.